Kabla hujaubeba utafiti kwenda Ustawi wa Jamii: mwongozo wa kupima tafiti za sheria ya familia na ugomvi wa kumwona mtoto

Meza yangu ya msaada wa kisheria hapa Moshi huanza kujaa mwishoni mwa Novemba. Watu wa Dar wanafunga mizigo ya kupanda nyumbani, shule zinakaribia kufunga, na kila wazazi waliotengana wanagombana juu ya jambo lile lile: Krismasi hii mtoto anakwenda kwa bibi yupi? Baba anataka mtoto aonekane kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Kibosho, na mama naye ana wazazi wake Rombo wanaomsubiri mjukuu. Zamani mtu alikuja na shangazi au mzee wa ukoo wa kumsemea. Siku hizi anakuja na utafiti.

Mwaka jana alikuja baba mmoja wa Pasua (nimegeuza mambo madogo ili wasitambulike). Mama mtoto wake amehamia Ngaramtoni, ng'ambo ya Arusha mjini, na mtoto wa miaka sita anasoma darasa la kwanza huko. Aliniwekea mezani karatasi tatu za kuprinti steshenari, zimepigwa rangi ya njano hadi wino umechujika. "Dada, sayansi imeshasema. Mtoto akae wiki kwangu, wiki kwa mama yake." Siku chache baadaye mama akapiga simu. Naye alikuwa na wake, faili kwenye simu: "Wataalamu wanasema mara ngapi mtoto anamwona baba yake haina maana yoyote."

Hakuna aliyedanganya. Tafiti zote mbili zipo, na zote ni za watu makini. Kila mmoja alikata kipande cha nyama alichokipenda akaacha mfupa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si mwanatakwimu, ila nimejifunza kuziuliza karatasi hizi maswali, na nayaandika hapa kwa wazazi, kwa wasaidizi wenzangu, na kwa yeyote anayeombwa maoni kuhusu kubadili Sheria ya Ndoa.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla hujasoma chochote

Chukua karatasi, andika juu kabisa sentensi moja. Ugomvi wa watoto huwa ni mambo manne yaliyofungwa kwenye mzigo mmoja: mtoto akae na nani, mzazi mwingine amwone lini na wapi, nani anatoa hela ya matunzo, na nani ana sauti kwenye maamuzi ya shule, matibabu na dini. Utafiti unaojibu moja haujibu jingine.

Yule baba alipoandika lake lilitoka hivi: "Je, mtoto wa miaka sita anayesoma darasa la kwanza Ngaramtoni alale wiki moja kwa mama yake na wiki moja kwangu Pasua?" Sentensi hiyo ina umri, shule, na umbali wa zaidi ya kilomita 80. Iweke pembeni, utairudia kila hatua.

Hatua ya 2: Tafuta utafiti wenyewe

Habari ya utafiti si utafiti. Kinachozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mara nyingi ni mtu anayemnukuu mtu aliyesoma muhtasari. Tafuta jina la mtafiti na mwaka, uandike kwenye Google Scholar (Google ya kutafuta makala za kitafiti), uone kama makala nzima inafunguka bure. Tafiti nyingi za watoto na afya ya jamii zinafunguka.

Ukiipata, ruka utangulizi na hitimisho. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayoeleza walivyofanya kazi, kisha kwenye majedwali. Ukisomea kwenye simu, igeuze ilale ili safu zote zionekane. Nasema hivi kwa sababu yule mama alikuwa amesoma nusu ya jedwali wiki mbili nzima bila kujua lina upande wa kulia.

Hatua ya 3: Uliza, ni watoto gani waliohesabiwa?

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote, na wewe ukae.

Karatasi za baba zilitoka kwenye utafiti wa Sweden uliochapishwa 2013. Watafiti walichukua majibu ya wanafunzi 164,580 waliojaza dodoso darasani mwaka 2009. Ni namba ya kutisha, na baba alikuwa ameizungushia duara. Tulianza kuusoma pamoja, kidole kwenye mstari.

Umri: watoto wa miaka 12 na 15. Wa kwake ana sita. Mtoto wa miaka 15 anapanda basi mwenyewe, anajua daftari la hesabu ameliacha nyumba ipi. Wa sita analala na leso ya mama yake.

Mahali: Sweden, nchi ambako kugawana mtoto nusu kwa nusu kumekuwa jambo la kawaida, na wanaofanya hivyo kwa kawaida wanaishi karibu, mtoto asihame shule. Tukapiga hesabu ya kwetu. Ili mtoto alale Pasua awahi namba shuleni Ngaramtoni, aamke saa tisa usiku, apande gari la Arusha, kisha abadilishe tena mjini. Baba akanyamaza.

Walilinganishwa na nani? Hili ndilo swali linalosahaulika kuliko yote. Utafiti ule ulikuwa na makundi matatu: wanaoishi na wazazi wote wawili nyumba moja, wanaoishi nyumba mbili kwa zamu, na wanaoishi na mzazi mmoja. Wa kwanza walijieleza kuwa na hali nzuri zaidi, wa nyumba mbili wakafuata, wa mzazi mmoja wakawa nyuma. Karatasi ya baba ilikuwa na kundi la pili na la tatu tu. La kwanza lilikuwa limebaki steshenari.

Na ukubwa wa namba usikubabaishe. Ukihesabu watoto laki na nusu, hata tofauti ndogo kama punje ya ulezi itaonekana na kompyuta itasema si bahati. Kuonekana ni jambo moja, ukubwa ni jingine. Uliza: tofauti yenyewe ni kiasi gani, na je, mwalimu wa darasa angeiona kwa macho?

Mwisho kwenye hatua hii, angalia nani hakuhesabiwa. Dodoso la darasani halimfikii mtoto aliyeacha shule, wala aliyefichwa na mzazi mmoja.

Hatua ya 4: Yanayoambatana si lazima yamesababishana

Wazazi wanaoweza kulea mtoto nyumba mbili wana nyumba mbili. Maneno haya ni rahisi lakini ndani yake mna pesa, kazi ya uhakika, na hasa kuelewana. Mtoto wao akiwa mzima, tuishukuru ratiba au tuishukuru amani iliyofanya ratiba iwezekane? Dodoso la siku moja haliwezi kukuambia. Utafiti mzuri husema ulivyojaribu kuondoa tofauti hizo, kwa kulinganisha kipato au elimu ya wazazi. Tafuta sehemu hiyo. Isipokuwapo, punguza imani yako kwa nusu.

Sasa faili la mama. Lilitokana na kazi ya Amato na Gilbreth ya 1999, waliokusanya tafiti 63 kuhusu baba wasioishi na watoto wao. Ni kweli waliona kwamba idadi ya mara za kuonana, peke yake, haikuwa na uzito mkubwa kwenye hali ya mtoto. Lakini upande wa kulia wa jedwali, ule aliokuwa hauoni, ulisema zaidi: baba kutoa matunzo, ukaribu wa moyo, na baba kulea kweli, yaani kufuatilia masomo, kukanya, kusikiliza, viliambatana na mtoto kufanya vizuri. Baba wa kumpeleka mtoto kula chipsi stendi kila Jumamosi na kumrudisha ni mara nyingi, ila si malezi. Mama alitaka utafiti useme "asije." Wenyewe ulisema "akija, aje kulea."

Kuna mwingine ambao huwa nauweka mezani mtu anapodai kwamba baba ni baba tu, hata awe vipi. Jaffee na wenzake, 2003, walisoma familia za mapacha 1,116 nchini Uingereza. Baba asiye na tabia za ukorofi na uvunjaji sheria, kadiri alivyoishi kidogo na watoto ndivyo tabia zao zilivyokuwa mbaya zaidi. Kwa baba mwenye tabia hizo kwa kiwango kikubwa ikawa kinyume: kadiri alivyokaa nao zaidi ndivyo walivyoharibika zaidi. Kwa hiyo ukikutana na utafiti unaotoa wastani wa baba wote kwa pamoja, jua kwamba umechanganya maziwa na dawa ya mifugo kwenye kibuyu kimoja, na wastani wake haumhusu yeyote kati ya hao wawili.

Hatua ya 5: Utafiti wa sheria iliyobadilishwa, uliza watu waliisikiaje

Hii ni kwa wanaotaka sheria yetu ibadilike, nami nimo.

Australia ilibadilisha sheria yake mwaka 2006. Ikaweka dhana, yaani jambo ambalo mahakama inaanza nalo mpaka lipingwe, kwamba wazazi wote wawili wana wajibu sawa juu ya mtoto, wajibu maana yake maamuzi makubwa. Taasisi ya Australia ya Masomo ya Familia ikatathmini, ripoti ikatoka Desemba 2009, watu wapatao 28,000 wakahusishwa. Moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba watu wengi walisikia "wajibu sawa" wakaelewa "siku sawa." Baba alifika kwa wakili akidai nusu yake kama mtu anayedai shamba. Na kulikuwa na wasiwasi kuhusu familia zenye ukatili. Sehemu za ukatili zikarekebishwa, zikaanza kutumika 2012, na ile dhana yenyewe ikaondolewa kabisa kuanzia Mei 2024.

Uingereza iliitazama Australia. Jopo la Norgrove, lililokagua mfumo wa haki za familia, likashauri 2011 wasiingize dhana ya namna hiyo, lakini serikali ikaingiza yake 2014. Mwaka 2020 jopo lingine la wataalamu likatoa ripoti juu ya madhara kwa watoto na wazazi kwenye kesi hizi, likiwa limepokea maoni zaidi ya 1,200. Hapo weka alama. Waliotoa maoni walijileta wenyewe, na aliyeumia ndiye hujileta. Ripoti ya namna hiyo inakuonyesha vizuri sana ni aina gani za maumivu zipo na zinatokeaje. Ukitaka kujua ni familia ngapi katika mia, hiyo siyo kazi yake, na ukiitumia hivyo mpinzani wako atakuchana mbele ya watu.

Kwa hiyo maswali ya utafiti wa mabadiliko ni haya: kifungu gani hasa kilibadilika? Hali ya kabla ilipimwa, au wamepima baada tu? Umepita muda gani? Walihojiwa waliofika mahakamani peke yao, au na waliomalizana nyumbani? Na watu mtaani waliielewaje?

Usiwacheke Waaustralia. Uliza kijiwe chochote cha bodaboda Majengo, utaambiwa "mtoto akifika miaka saba ni wa baba." Fungua Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125. Kinasema mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa ni vema akae na mama yake, dhana inayoweza kupingwa, na kwamba mahakama iangalie ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamisha hamisha. Cha kwanza na cha muhimu kuliko vyote ni ustawi wa mtoto. Hakuna mstari unaosema akizima mishumaa saba anakabidhiwa kwa baba. Hiyo tumeitunga wenyewe, imeungana na mila, na nimeona wazazi wakikabidhiana watoto kwa sheria isiyokuwapo. Mtafiti atakayekuja kuuliza Kilimanjaro "je, kifungu cha miaka saba kinafaa?" bila kwanza kuuliza "kinasemaje?" atarudi na maoni juu ya kifungu ambacho Bunge halikukipitisha.

Hatua ya 6: Utafiti unaosoma hukumu

Mwanasheria kijana hupenda huu: anaingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, anakusanya hukumu za ulezi wa watoto, anahesabu nani alishinda. Kazi nzuri, na hukumu za Mahakama Kuu za Moshi na Arusha zinasomeka humo bure. Ila fikiria njia ambayo ugomvi unapita. Kwanza kikao cha ukoo. Halafu mchungaji, padri au shehe. Halafu Ustawi, halafu Baraza la Usuluhishi la Ndoa, halafu Mahakama ya Mwanzo au ya watoto. Anayefika Mahakama Kuu kwa rufaa ni mbishi au ameumia kweli, na ana nauli. Ukizisoma hukumu hizo unajifunza namna majaji wanavyofikiri. Hujajifunza jinsi familia za Tanzania zinavyogawana watoto.

Wamarekani walipigana kwa hili. Meier na wenzake, 2019, walichambua hukumu zaidi ya 4,000 zilizochapishwa mtandaoni, wakasema mama anayedai baba ni mkatili huweza kupoteza mtoto baba akijibu kwamba mama anamtenga mtoto naye. Harman na Lorandos, 2021, wakaishambulia mbinu yao na kutoa matokeo tofauti. Ukikutana na ugomvi wa namna hii usichague timu. Soma walivyopanga kesi kwenye mafungu: nani aliamua kwamba kesi hii ni ya ukatili na ile siyo, na kwa alama gani.

Hatua ya 7: Neno ambalo limekwisha hukumu

Huku kwetu tunasema mama kamlisha mtoto maneno. Inatokea, na baba pia hulisha, na bibi ndiye mpishi mkuu. Lakini mwaka 1985 daktari wa Marekani, Richard Gardner, alilipa jambo hili jina la ugonjwa, "ugonjwa wa kutengwa na mzazi", akitegemea zaidi aliyoyaona kwenye kazi yake mwenyewe. Jina likasambaa mahakamani duniani. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuliweka neno "kutengwa na mzazi" kwenye faharasa ya orodha yake mpya ya magonjwa, kisha mwaka 2020 likaliondoa. Kwa hiyo karatasi inayosema mtoto "ana ugonjwa wa kutengwa na mzazi" isome kwa tahadhari, kwa sababu swali lenyewe, kwa nini mtoto hataki kwenda, limeshajibiwa kabla ya mtoto kuulizwa. Huenda amelishwa. Huenda huko aendako kuna mtu anampiga.

Kuhusu nani alilipia utafiti: angalia, andika, endelea. Chama cha akina baba au cha akina mama kinaweza kulipia utafiti mzuri. Ukiwa umefanywa hapa nchini, tafuta kama una kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), na kama watoto walihojiwa, nani aliridhia kwa niaba yao.

Hatua ya 8: Ulete nyumbani

Tafiti nyingi za ulaya hupima kwa idadi ya usiku: mtoto alilala kwa baba siku ngapi kwa mwaka. Jaribu kipimo hicho Marangu. Baba yuko Dar, mama yuko Arusha, mtoto yuko kwa bibi, na kaka yake yuko bweni. Usiku kwa baba, sifuri. Kwa mama, sifuri. Kwenye jedwali lao mtoto huyu ametelekezwa, wakati bibi anapokea simu mbili kila jioni na ada imelipwa. Au kinyume chake: usiku 365 nyumbani kwa baba, na anayemwogesha ni dada wa kazi. Kipimo kisichomwona bibi hakitufai mpaka kirekebishwe, hata kiwe kimetumika nchi kumi.

Ndiyo maana narudi kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 39, ambacho kinamtaka hakimu aangalie umri na jinsia ya mtoto, maoni yake kama ameyatoa kwa uhuru, ndugu kukaa pamoja, na malezi yasiyokatikakatika. Panga utafiti wako chini ya mambo hayo. Karatasi moja inatosha: juu, swali lako la hatua ya 1. Chini yake, utafiti uliofanana zaidi na mtoto wako, kwa sentensi mbili, ukitaja ulipofanana na ulipotofautiana. Kisha mambo ya mtoto mwenyewe. Tofauti hizo usizifiche. Afisa ustawi akizigundua mwenyewe hatakuamini tena hata kwenye tarehe ya kuzaliwa.

Nilimpa baba wa Pasua karatasi nyeupe aandike yake. Akasema haina haja ya kuharibu karatasi, akageuza ile ya Sweden upande wa nyuma. Akaandika: umri, sita. Shule, inafunga Desemba tarehe ngapi, muulize mwalimu. Nauli, mtoto na mimi. Halafu akasita, kalamu hewani, akaniuliza, "Dada, anayemwamsha mtoto asubuhi kule Ngaramtoni ni nani, mama yake au yule binti?" Nikamwambia sijui. Akachukua simu akampigia mama mtoto, hapo hapo mezani kwangu, kumuuliza.